Ngano hujificha kwenye kibakuli cha chatini

Kuna neno moja katika nyumba zetu ambalo ningependa lipumzishwe kidogo, nalo ni neno "onja". Mwenye nyumba hulisema kwa mapenzi. Amekutandikia mkeka, amekuwekea sinia, amelizungushia vibakuli vya achari, pilipili na chatini, na akiona mkono wako unakipita kibakuli kimoja hukwambia, "Onja tu, kidogo hakidhuru." Mimi mwenyewe nimelisema mara nyingi. Nimemwambia hata mtu ambaye hicho kidogo kilikuwa kikimdhuru kweli kweli, na mtu huyo ni mtoto wa dada yangu.

Mpwa wangu huyu alikuja kukaa kwetu hapa Mombasa alipomaliza shule. Alikuwa mwembamba tangu utotoni, tumbo likimjaa upepo, akiharisha siku mbili na kupata nafuu siku moja, na damu yake haikutosha hata ameze vidonge namna gani. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Wengine walisema ni jicho. Wengine walisema ni minyoo. Jirani yetu mmoja, mama mwenye ulimi wa upanga, alisema ni maringo ya msichana anayetafuta kiuno. Na mimi, madhali nilisoma chuoni na hati yangu ya Kiarabu si mbaya, nilitakiwa nimwandikie kombe. Nikamwandikia kwa zaafarani kwenye sahani nyeupe, akanywa asubuhi tatu. Hilo silijutii, maana dua haina hasara. Ninalolijutia ni kwamba kila alipomaliza kunywa tulimpa mahamri mawili ya moto na chai ya maziwa, ati apate nguvu.

Ugonjwa ulikuwa ndani ya yale mahamri.

Daktari aliyetufumbua macho alimpima damu kwanza, kisha akapitisha mpira mwembamba kinywani mpaka kwenye utumbo mdogo na kuchukua vijinyama vya kupima. Alipomaliza alitutajia jina ambalo hakuna aliyepata kulisikia katika ukoo wetu: siliaki. Nitalieleza kwa ufupi, kwa sababu nimeona wengi wanalichanganya na mambo mengine. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayoufanya unga uliokandwa uvutike, na bila yake chapati haisukumiki. Watu wengi huila maisha yao yote wala wasijue kuwa ipo. Lakini kwa mwenye siliaki, ikifika tumboni, askari wa mwili waliowekwa kupigana na maradhi huugeukia utumbo wenyewe wakaushambulia. Vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula hulala, mwisho vikafutika, na chakula kikawa kinapita njia bila ya kumfaa mwenyewe. Ndiyo sababu mtu anakula na anakonda, anakunywa maziwa na mifupa inakuwa dhaifu. Ugonjwa huu hauambukizi. Dawa ya kumeza hauna mpaka leo. Matibabu yake ni moja, kuacha nafaka hizo tatu moja kwa moja, na mgonjwa akiziacha utumbo hujirudi.

Jina lenyewe latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya tumbo, na matabibu wa kale waliyaona maradhi haya bila ya kujua yaletwalo na nini. Aliyemkamata mwizi ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kubwa ya Uholanzi katika baridi ya mwaka wa 1944 kuingia 1945, wakati wa vita, mkate ukaadimika kabisa, na watoto wenye maradhi haya, badala ya kuzidiwa kama wenzao, wakaonekana wana nafuu. Mkate uliporudi, na maradhi yakarudi. Mwaka wa 1950 akaandika tasnifu yake juu ya jambo hilo.

Na asitokee mtu akasema haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka wa 1999 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa watoto wa Kisaharawi, Waislamu wenzetu wa Sahara Magharibi walio katika kambi za wakimbizi kule Algeria, na zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walikutwa nayo. Hicho ni kiasi kikubwa mno, kwani katika nchi nyingi hukisiwa kuwa ni mtu mmoja katika 100. Watu hao chakula chao kikubwa ni ngano. Na sisi wa pwani, ambao ngano hatuilimi hata shamba moja, tazama meza yetu ya asubuhi, au ya futari, ukahesabu kisichokuwa ngano.

Basi tulirudi nyumbani tukauondoa mkate. Hilo halikuwa gumu kama nilivyoogopa. Bibi zetu walituachia vibibi, vitumbua na mkate wa kumimina, vyote vya mchele. Walituachia muhogo na ndizi za nazi, na mkate wa mofa kwa anayejua kuuoka kwa unga wa mtama mtupu. Mbaazi zikala wali badala ya mahamri. Msichana akavumilia, wala hakulalamika ila siku za harusi, pilau ikiandamana na sambusa. Mzee mmoja mwema alituletea shayiri tumpikie talbina, kwa kuwa imesifiwa kwa wagonjwa. Nia yake ilikuwa safi, lakini katika jambo hili shayiri na ngano ni ndugu wa tumbo moja. Tuliipokea kwa heshima, tukainywa sisi.

Walakini miezi miwili ilipita na tumbo bado lilikuwa lile lile. Nikaanza kuwaza kuwa labda daktari amekosea, na pengine nikaanza kuwaza lile alilolisema jirani. Mungu anisamehe.

Aliyegundua ni mke wangu. Jioni moja alifuatana na mpwa wangu kwenda kununua viazi vya karai. Msichana hakununua viazi, maana alijua vimevishwa unga. Alinunua muhogo wa kuchoma, akaomba utiwe ile chatini ya ukwaju iliyokuwa kwenye ndoo ndogo ya plastiki. Mke wangu akaitazama ile chatini ikiteremka kwenye upawa, nzito, inang'ara, akamuuliza kijana muuzaji, "Mwanangu, ukwaju wako waupa uzito kwa nini?" Kijana akajibu kwa fahari ya fundi: "Kwa unga wa chapati, mama. Vijiko viwili tu, ndipo ushike kwenye kiazi."

Vijiko viwili tu. Kila jioni kwa miezi miwili.

Tangu siku hiyo nyumba yetu iligeuka mahakama, na kila kibakuli kikawa mshitakiwa. Na hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize, kwa sababu mkate hauna hila. Mkate unajulikana ni mkate. Balaa liko kwenye vile tunavyovichovyea na kuvinyunyizia, ambavyo hakuna mtu anayeviita chakula. Urojo wetu na wa ndugu zetu wa Unguja, mchuzi wake wa manjano aghalabu umeungwa kwa unga wa ngano. Achari ya chupa tulidhani ni embe, mafuta na pilipili basi. Kumbe nyingi hutiwa hingi, ile dawa ya harufu kali waipendayo Wahindi. Hingi yenyewe ni utomvu wa mmea utokao pande za Afghanistani na Irani, hauna neno. Ila ile iuzwayo madukani kwa kawaida imechanganywa na unga ili isiwe kali mno, na unga huo mara nyingi ni wa ngano. Ile sosi nyeusi ya soya, wanayoitumia sasa hata wachoma mishikaki, hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja. Haradali ya unga huweza kuongezwa ngano. Mayonesi asili yake ni mayai, mafuta na siki, haina taabu. Lakini zile sosi za saladi zilizo rahisi zaidi huongezwa vitu vya kuzipa uzito, na ni lazima usome ni vitu gani.

Siki ina maneno yake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliisifu siki kuwa ni kitoweo chema, na siki ya zabibu au ya tufaha haina mashaka kwa mgonjwa wetu. Ile ya kahawia ya kimea cha shayiri ndiyo yenye mabishano: Uingereza chama cha wagonjwa hawa husema kiasi kinachobaki ni kidogo mno kudhuru, na Marekani haikubaliwi kuandikwa kuwa haina gluteni. Sisi hatukungoja waafikiane. Ndimu tele sokoni, ya nini kubishana?

Hata bajia, ambazo ni unga wa dengu mtupu na chatini ya nazi, hugeuka haramu kwa huyu mtoto zikikaangwa katika mafuta yaliyokwisha kukaanga sambusa. Nimelitumia neno haramu kwa makusudi.

Sisi ni watu tuliozoea kuuliza. Tumefundishwa hivyo tangu utoto. Tukinunua peremende tunatazama kama jeletini yake ni ya mnyama gani. Tukiingia mkahawa tusioujua tunauliza nyama imechinjwa na nani. Na tukiambiwa kuwa kisu kilichokata kile ndicho kilichokata hiki, tunaondoka na njaa yetu wala hatuoni haya. Hakuna mwenye nyumba Mwislamu atakayekwambia, "Nguruwe kidogo tu, hakidhuru." Anajua kwamba udogo si hoja. Sasa mtu huyu huyu mwenye macho makali hivi, kwa nini akiambiwa kwamba chembe ya ngano inaumwaga utumbo wa mtoto wa watu, anacheka na kusema ni mambo ya hospitali? Alama ya halali kwenye chupa inakwambia halali, nayo inatosha kwa kazi yake. Haikwambii kama mna ngano ndani. Hilo ni lazima ulisome mwenyewe, herufi kwa herufi, kama tulivyokuwa tukisoma kwa hijai mbele ya mwalimu na bakora yake. Mimi ni mtunzi, nimeyamaliza macho yangu kwa kuhesabu mizani. Sasa nayamaliza kwa kutafuta ngano katika maandishi madogo ya nyuma ya chupa.

Na huo udogo una hesabu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, zikiendelea kwa miezi mitatu, zatosha kuudhuru utumbo wa mwenye siliaki. Kipande kimoja cha mkate kina kama gramu mbili au zaidi, yaani miligramu elfu mbili na kuendelea. Fanya hesabu mwenyewe, kisha utazame chembe zinazodondoka ndani ya kibakuli watu wanapochovya. Kipimo cha kimataifa cha Codex ni kwamba chakula kisiitwe kisicho na gluteni ikiwa kilo yake moja imezidi miligramu 20.

Hapo ndipo tulipogongana na wazee, na hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Chakula chetu twala sinia moja. Ndiyo adabu yetu, ndiyo baraka yetu, na mimi siwezi kuikebehi hata kidogo. Lakini mikono mitano iliyoshika chapati ikiingia katika kibakuli kimoja, kibakuli hicho kimekwisha kuwa cha ngano hata kama chatini yake ilipikwa na malaika. Mke wangu akaanza kumtilia mpwa wangu sahani yake na kibakuli chake mbali. Ami yangu, ambaye ni mkubwa wa nyumba yetu na sipendi kumvunjia heshima, aliona ni kibri. "Mtoto gani huyu," akasema mbele ya wageni, "hawezi kuchanganya mkono na nduguze?" Msichana aliinama. Usiku ule hakula kabisa, na kesho yake akala kwenye sinia pamoja na wote, akichovya walipochovya, kumridhisha mzee. Aliugua siku nne.

Nilimwendea ami yangu baada ya sala ya alasiri. Sikumpa hesabu za miligramu. Nilimkumbusha kisa anachokijua kuliko mimi, cha yule kenge wa jangwani aliyechomwa akaletwa mbele ya Mtume. Mtume alinyoosha mkono wake, na alipoambiwa ni nini akaurudisha. Akaulizwa kama ni haramu, akasema si haramu, ila hakuzoea kumla katika nchi ya watu wake. Na Khalid bin Walid akamvuta akamla, na Mtume anatazama. Hakuna aliyeambiwa ana kibri, wala hakuna aliyelazimishwa kuonja. Ikiwa kutozoea peke yake kulitosha kuwa udhuru mbele ya wenyeji, basi maradhi je? Mzee alinyamaza, akavuta tasbihi yake. Hakuniambia ndiyo. Lakini hakumsema tena yule mtoto.

Nimesikia wakisema kwamba mgonjwa wa namna hii ni lazima ale vya dukani vilivyoandikwa kwa Kizungu kwamba havina gluteni. Nilikwenda duka kubwa moja nikakuta chupa ya sosi ya saladi yenye maandishi hayo. Bei yake ilinifanya niirudishe kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha yai la watu. Wala hatuihitaji. Ni ajabu kwamba tunaagiza kutoka ng'ambo kitu ambacho jiko letu lilikuwa nacho kabla ya unga wa ngano kuwa chakula cha kila siku. Chatini ya nazi ni nazi iliyokunwa, kotmiri, pilipili mbichi, chumvi na ndimu, ikasagwa. Unga utie wa nini? Bilingani likichomwa juu ya makaa mpaka ganda likaungua, likamenywa, likapondwa pamoja na ufuta uliosagwa, kitunguu thomu na ndimu, Waarabu hukila na mkate, lakini kwa muhogo uliochemshwa ni kitamu zaidi, na hilo nalisema bila ya kumwogopa Mwarabu yeyote. Kachumbari itie ndimu na mafuta kidogo ya ufuta, basi hiyo ndiyo sosi ya saladi. Maziwa lala yaliyochujwa, matango na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu, hiyo ni ya wali.

Na ukwaju? Mke wangu aliuhangaikia ukwaju kuliko vyote, kwa sababu ndio msichana alioupenda. Wanga wa mahindi unaupa uzito, lakini alisema unauondolea ladha. Mwisho akachemsha ukwaju pamoja na tende zilizotolewa kokwa, akavisonga kwa mwiko mpaka vikavurugika, akavichuja kwa kitambaa, akatia pilipili, chumvi na uzile. Umeshika kwenye kiazi vizuri kuliko ule wa unga, wala hautaki sukari. Alimpelekea kijana muuzaji kikombe kimoja aonje. Kijana alikiri ni mtamu, ila akasema tende ni ghali na wateja wake hawatalipa. Ni kweli, simlaumu. Lakini alikubali jambo moja dogo: mtu akimuuliza, atamwambia mna nini ndani, bila ya kumwona ni mchokozi.

Hilo ndilo ninaloliomba kwa wapishi wa harusi pia, na wenye mikahawa, na mama zetu wauzao futari kando ya njia wakati wa Ramadhani. Sisemi mpike mara mbili. Nasema mkijua kuna mwenye maradhi haya, mumtolee chatini yake kabla mkate haujafunguliwa, katika kibakuli chenye kijiko chake. Na akiuliza, mumjibu kwa ukweli hata kama jibu ni "ndiyo, mna ngano". Na mwenye mtoto anayekonda na kuharisha bila ya sababu ampeleke akapimwe damu, naye asimwachishe ngano kabla ya kipimo, kwa maana kipimo huenda kisione kitu.

Mpwa wangu sasa amenona. Sisemi unene wa kupita kiasi, nasema mashavu. Damu yake imetosha, na mwaka huu amefunga Ramadhani yote ila zile siku zake.

Siku moja katika kumi la mwisho, yule jirani mwenye ulimi wa upanga alibisha hodi kabla ya magharibi na kibakuli kilichofunikwa kwa kawa. "Hiki cha binti yenu," akasema. "Ukwaju wa tende, kama alivyonifunza mama wa nyumba. Kijiko kimo ndani, nimekiosha mwenyewe." Hakutaja kiuno, na sisi hatukumkumbusha. Tulipokwisha kufuturu kwa tende na maji tukakaa kwenye mkeka, msichana akakifunua kibakuli chake, harufu ikatuenea sote. Ami yangu alikuwa ameshika kipande cha chapati. Aliutazama ule ukwaju, akaunyoosha mkono wake taratibu kwenda kuchovya.

Mke wangu aliukamata ule mkono hewani. "Ami," akasema, "chako kile pale."